Fatiha Isiyosomwa

Nyumba tuliyokaa Timbwani, Likoni, ilikuwa yetu, lakini ardhi iliyoibeba haikuwa yetu. Mtu asiyeijua Likoni huenda akadhani ninatega kitendawili. Kwetu huo ulikuwa mpango wa kawaida, na mitaa mizima iliishi hivyo. Baba alijenga kwa mawe yake mwenyewe juu ya kiwanja cha watu, kwa ruhusa yao, na kila mwezi alikuja mtu kuchukua ijara ya ardhi. Kuta, milango na mabati vilikuwa mali yetu. Mchanga tuliokanyaga tukitoka mlangoni ulikuwa wa wengine. Baba alipofariki, mama aliendelea kulipa ijara ile kama alivyoendelea kupika na kufagia, na sidhani kama aliwahi kuwaza kwamba siku moja mpango huo ungevunjika.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini warithi wa mwenye ardhi waliafikiana kuuza. Walikuwa watu wa haki. Walimtuma mjumbe apite nyumba kwa nyumba aeleze kwamba kila mwenye nyumba ndiye atakayeulizwa kwanza, na kwamba kiwanja cha atakayeshindwa kulipa kabla ya Ramadhani kitachukuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyekwisha kukubali kununua vyote vitakavyobaki.

"Na nyumba?" mama aliuliza.

"Nyumba ni yako, mama. Utaelewana na mwenye kiwanja mpya, au utavunja uchukue mawe yako."

Mjumbe alisema hayo kwa upole, na mama akamshukuru, akamtilia kikombe cha pili cha chai. Baada ya mtu huyo kuondoka, mama alikaa ubarazani akiutazama ukuta wa mbele ya nyumba kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukisia uzito wake.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo na nilikuwa nikifundisha shule ya sekondari Changamwe. Mshahara wangu ulisaidia kuendesha nyumba, lakini haukuweza kununua ardhi. Mama alikuwa na akiba yake, iliyotokana na kofia alizoshona kwa mkono na zamu zake katika mchezo wa kuchangiana pesa wa wanawake wa mtaa. Akiba hiyo ilikaa ndani ya kasha chumbani kwake, na haikutosha. Kilichobaki kilikuwa dhahabu.

Dhahabu yenyewe ilikuwa seti ya harusi ya kizamani: mkufu mzito, jozi ya kekee pana za mikononi, bangili na vipuli. Mama alivishwa na mama mkwe wake siku alipoolewa, mbele ya wanawake wa koo zote mbili. Katika mitaa yetu wanawake waliijua dhahabu ya kila mmoja wao kama walivyowajua watoto wa kila mmoja. Kekee za mama zikipita katika umati wa harusi, mtu aliyekaa pembeni angeweza kumtaja mama bila kuuona uso wake.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Ng'ambo ya pili ya feri, mjini, walikuwapo masonara ambao wangeipima seti ile na kutoa pesa taslimu papo hapo. Masonara hao walijulikana, maduka yao yalikuwa hayahami, na mizani yao ilikuwa juu ya meza mbele ya macho ya watu. Lakini mtaa wa masonara ulikuwa pia mtaa wa wanawake wa Likoni, Kisauni na kwingineko. Mwanamke akionekana kuingia na kifurushi na kutoka mikono mitupu, habari hufika ferini kabla yake. Mama hakuogopa umaskini sana, alikuwa ameuzoea. Aliogopa kukosa sitara. Sitara ni ile nguo isiyoonekana inayofunika shida ya nyumba ili jirani asiione, na mama yangu alikuwa tayari kulala na njaa kuliko kuivua.

Aliyeogopwa kuliko wote ni shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa wifi ya mama na jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na dhahabu ile ilikuwa imetoka mkononi mwa mamake mzazi. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hawezi kukaa na habari. Ilimsumbua kama punje ya mchanga jichoni mpaka aitoe.

"Nataka nimuuzie mtu asiyenijua," mama aliniambia, "nami nisimjue. Achukue, aende zake, iwe imekwisha."

Nimeifikiria mara nyingi sentensi hiyo tangu wakati huo. Siku hizi watu huuza vitu vyao kwa wageni kupitia simu, wakaonyeshwa ujumbe wa malipo badala ya malipo, na tunapowasikia wakilia tunawalaumu kwamba hawakuwa na akili. Sidhani kama ni suala la akili. Mara nyingi mtu humtafuta mgeni kwa sababu ana jambo ambalo hataki watu wake walijue, na mwenye kutafuta mawindo anajua kuwa mtu kama huyo hatakwenda kuuliza shauri kwa yeyote.

Tukaweka tangazo dogo gazetini. Niliandika maneno machache: seti ya dhahabu ya harusi, ya zamani, hali nzuri. Simu iliyotajwa ilikuwa ya ofisi ya shule. Walipiga watu wawili watatu waliotaka kujua kama tungekubali nusu ya bei, kisha akapiga yeye.

Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kwetu. Alitoa salamu kamili, akanijulia hali, akamjulia hali mama asiyemfahamu, ndipo akaeleza shida yake. Kaka yake alikuwa akifanya kazi Arabuni na alikuwa akimwoza binti. Alitaka dhahabu ya kizamani, si hii nyepesi ya siku hizi, na alikuwa amemwachia yeye kazi ya kuitafuta. Nikamtajia bei. Akasema, "Alhamdulillahi, ni bei ya haki." Akaongeza kwamba kaka yake angelipa kwa hundi ya benki, na kwamba huenda ikazidi kidogo kwa kuwa fedha zote za harusi hutumwa pamoja, je, mama angekuwa na chochote mkononi cha kurejesha ile ziada? Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo. Mama akafikiri, akasema akiba ya kasha ingetosha kurejesha, kwa kuwa hundi ingerudisha yote.

Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, saa ambayo benki zilikuwa zimekwisha kufunga. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri, kofia yake ilikuwa ya mkono, na alinukia udi. Alivua viatu bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani."

Mama alikaa karibu na mlango wa chumba, leso ikiwa imemfunika kichwa na mabega. Mimi nilileta mkate wa sinia na kahawa. Mgeni alikula kwa raha, akausifu mkate, akasema haujaliwa mkate wa namna ile nyumbani kwao tangu mamake alipofariki. Mama alimwombea marehemu. Kwa desturi yetu, mtu akishakula chakula cha nyumba hawi tena mnunuzi tu; amekuwa mgeni, na mgeni haulizwi maswali ya kumvunjia heshima. Nadhani sote watatu tulilijua hilo, na kwamba mmoja wetu alikuwa amelifikiria kabla hajavuka feri.

Dhahabu ilitandazwa juu ya kitambaa cheupe mkekani. Aliitazama, akaishika kekee moja, akairudisha. "Mashallah," alisema. Kisha akatoa hundi.

Niliichukua nikaisoma pande zote mbili. Ilikuwa na mhuri, sahihi, na karatasi yenye alama za ndani zinazoonekana ukiielekeza kwenye mwanga. Haikuwa na kasoro ambayo ningeweza kuitaja, hata leo. Kiasi kilichoandikwa kilizidi sana bei tuliyopatana.

"Hii ni hundi ya benki, mama, si ya mtu," alimweleza mama kwa utulivu. "Hundi ya mtu yaweza kurudi. Hii ni pesa, ila tu imeandikwa. Nyinyi mtaipeleka Jumatatu. Mimi munipe hiyo ziada taslimu nikalipie mbuzi na mapambo, na dhahabu niondoke nayo, kwa kuwa mke wa kaka yangu anasafiri leo hii."

Mama aliniangalia. Nikamwambia ukweli, kwamba karatasi ilionekana sawa, na kwamba sikuwa na njia ya kujua zaidi kabla ya Jumatatu. Akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya akiba yake, akaiweka karibu na dhahabu. Vitu vyote viwili, yaani vyote tulivyokuwa navyo vya kununulia ardhi, vikawa sasa viko juu ya mkeka, hatua moja kutoka magotini mwa mtu tusiyemjua.

Yule mtu akainua viganja vyake. "Tusome Fatiha, mama," alisema, "biashara iwe na baraka."

Kwetu Fatiha hufunga jambo. Posa hufungwa kwayo, na ugomvi, na kuuziana. Ikishasomwa na watu wakajipangusa nyuso, neno limekwisha. Kumuuliza mtu baada ya hapo kama fedha zake ni safi ni kama kumwambia kwamba hata Qurani yake huiamini. Hakuna karatasi ya wakili iliyokuwa na nguvu hiyo katika mtaa wetu. Na kwa sababu hiyo hiyo, dakika iliyotangulia Fatiha ndiyo ya mwisho ambayo mtu anaweza kusema hapana.

Mama akainua viganja. Midomo yake ilianza kufunguka. Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto, na mikono ikashuka polepole mapajani.

Baadaye nilimuuliza alichokiona. Alisema hakuona kitu, na hilo ndilo lililomshtua. Hakuwahi maishani mwake kuisoma Fatiha juu ya dhahabu bila mwanamke mwingine chumbani, ukiniondoa mimi binti yake. Alipovishwa seti ile chumba kilikuwa kimejaa hata watoto wakatolewa nje. Sasa kilikuwa kitupu mno.

"Mwanangu," aliniita.

"Abee, mama."

"Nenda kaniitie wifi yangu."

Nilisimama bila kuhakikisha kwamba nimesikia vizuri. Mgeni alishusha mikono yake pia, akatabasamu. "Mama, si lazima kumsumbua mtu," alisema.

"Hatasumbuka," mama alimjibu. "Husumbuka asipoitwa."

Shangazi alikuja akijifunga leso njiani. "Hodi, hodi! Kwani kuna nini, hata niitwe mbio kama nyumba yawaka moto?" Akasimama mlangoni. Macho yake yalikwenda mkekani kabla ya kwenda kwa mtu yeyote.

"Hiyo si dhahabu ya mamangu?"

"Ndiyo, wifi," mama alisema. "Kaa."

"Na huyu?"

"Mnunuzi. Tulitoa tangazo, akapiga simu."

Shangazi alikaa kitako polepole. Nilimwona mama akiinamisha kichwa kama mtu anayengojea kumwagiwa maji.

"Ahaa," shangazi alisema. "Yaani wewe wauza dhahabu ya mamangu kwa mtu wa simu, na mimi nakaa hapo, nikikohoa wasikia, hata harufu ya habari sikuipata. Ama kweli una siri, wifi yangu! Miaka yote hii nilidhani wanificha mapishi tu."

"Ni kwa ajili ya kiwanja," mama alisema kwa sauti ndogo. "Sikuwa na la kufanya."

"Kiwanja najua. Mtaa mzima wajua. Wewe ulidhani twafikiri utakinunua kwa kofia?"

Naamini maneno hayo yalimuuma mama kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo, kwa kuwa yalimwonyesha kwamba sitara aliyoilinda kwa uangalifu ule ilikwisha kuchanika zamani, na watu walikuwa wamegeuza nyuso tu.

Shangazi alimgeukia mgeni, na sauti yake ikawa ya asali. "Assalaam aleikum, mwanangu. Nisamehe, mdomo wangu haujui mgeni. Wewe wa wapi?"

"Aleikum salaam, mama. Asili yetu Mji wa Kale, lakini sasa twakaa Kisauni."

"Wa kwa nani?"

Akataja ukoo mkubwa, unaojulikana pwani nzima.

"Hao wengi kama mchele. Mamako ni nani?"

"Mama alikuwa mtu wa Lamu. Ametangulia."

"Allah amrehemu. Na biharusi, kungwi wake ni nani?"

Mgeni alicheka. "Mama, mimi mwanamume. Mambo ya kungwi nitayajuaje?"

"Kweli, hayo ya ndani." Shangazi alicheka naye, na kwa muda nikafikiri ameridhika. Majibu yote yalikuwa mazuri. Mtu mkweli angejibu vivyo hivyo. Kisha akaichukua kekee moja, akaizungusha. "Umeipima?"

"Naam?"

"Dhahabu. Umeipeleka kwa sonara? Umeuliza ni safi kiasi gani?"

"Nimewaamini, mama. Naona ni watu wa heshima."

"Wallahi ni uzuri wa roho huo. Na bei mlivutana vipi?"

"Hakushindana," mama alisema.

"Hakushindana." Shangazi alilirudia neno hilo kana kwamba ameonjeshwa kitu na hajui ni kitamu au kichachu. "Mimi nanunua papa mkavu, nashindana mpaka mwenye papa ajutie kuamka. Huyu anunua dhahabu na hashindani? Mwanangu, usinichukie, nasema tu. Asiyeshindana bei huenda hana nia ya kuilipa."

Mgeni akaitoa tena hundi, akaanza kumweleza tofauti ya hundi ya mtu na hundi ya benki. Shangazi hakunyoosha mkono kuipokea. "Mpe mtoto, ndiye msomi. Mimi karatasi hazinisemeshi. Lakini benki ifunguliwapo Jumatatu, mtoto atakwenda nayo. Wakisema pesa zimeingia, basi walete kina mama wa biharusi hapa, tuwavishe kwa vigelegele, na Fatiha tuisome chumba kizima. Hadi hapo dhahabu ni yenu, imekaa kwetu amana."

"Mke wa kaka yangu anasafiri leo, mama. Gari lanisubiri. Nikitoka hapa ni moja kwa moja uwanja wa ndege."

"Basi apite hapa aione. Si yuko njiani?"

"Hatawahi."

"Biharusi aozwa leo?"

"La, lakini—"

"Basi hakuna kilichoungua."

Kwa mara ya kwanza mgeni aliacha kumtazama shangazi. Akamgeukia mama, na nilitambua kwamba alikuwa akimrudia yule ambaye alikuwa amemsoma tangu mwanzo. Hakupandisha sauti.

"Mama, mimi nimekula kwako. Nimeuvunja mkate wako kwa mkono wangu. Leo naonekana mwizi mbele ya watu?"

Hilo lilikuwa pigo la kweli, na lilimpata. Nilimwona mama akifumba macho. Katika maisha yake yote hakuwahi kumtoa mgeni nyumbani akiwa amekasirika, na kama kungekuwa na jambo la kumfanya aisukume bahasha ile mbele, lingekuwa hilo, si hundi wala bei.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "haya zote nilizokuwa nazo nimezitumia kumwita wifi yangu. Hazikubaki za kukuonea wewe."

Mgeni aliikunja hundi, akaitia mfukoni. Akashukuru kwa mkate, akavaa viatu, akaaga kwa heshima ileile aliyokuja nayo. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Gari lake halikuwa mbele ya nyumba, wala mbele ya nyumba yoyote ya mtaa wetu. Alitembea mpaka barabara kuu, akapinda, akapotea.

Ningependa kuandika kwamba tulifurahi. Hatukufurahi. Mama aliirudisha bahasha kasheni, akafunga dhahabu katika kitambaa chake, akarudi kukaa palepale.

"Na kama ni mkweli?" aliuliza.

"Atarudi," shangazi alisema.

"Na kama amechukia asirudi? Ramadhani hiyo yaja. Nitakuwa nimeipoteza nyumba ya ndugu yako kwa wasiwasi wangu."

"Basi tutakuwa tumemkosa mkweli mwenye hasira. Mji una wakweli wengi, mmoja hatatumaliza."

Siku zilizofuata mama hakula vizuri. Kila niliporudi kutoka Changamwe aliniuliza kama simu ilipigwa shuleni, na kila mara nilimjibu kwamba haikupigwa. Nilimwona akimtetea yule mtu peke yake jikoni: huenda aliugua, huenda kaka yake alimkataza, huenda harusi iliahirishwa. Ni jambo la ajabu kumwona mtu akimwombea udhuru aliyetaka kumfilisi, lakini wakati huo hatukuwa na hakika kwamba alitaka kumfilisi. Tulichokuwa na hakika nacho ni kwamba mnunuzi pekee aliyeikubali bei yetu alikuwa amekwenda, na mjumbe wa warithi alikuwa amepita tena kukumbusha.

Habari ilikuja kwa njia ya mwalimu mwenzangu aliyekaa Magogoni. Jirani yake, mvuvi aliyekuwa ameacha bahari, alikuwa ameuza mashine ya boti kwa kijana mmoja mwenye adabu nyingi. Alipewa hundi ya benki iliyozidi bei, akarejesha ziada taslimu, wakaisoma Fatiha. Benki iliipokea hundi, na baada ya muda ikamwita kumwambia kwamba haikuwahi kutolewa na benki yoyote. Nilimuuliza mwenzangu kijana yule alikuwa wa sura gani. Hakujua. Alichosikia ni kwamba alikuwa na sauti nzuri na alikuwa amekula chakula cha mchana kwao.

Nilipomweleza mama, hakusema alhamdulillahi kama nilivyotarajia. Aliuliza jambo moja tu. "Huyo mvuvi, mkewe alikuwapo?"

"Sijui, mama."

"Angekuwapo na wenziwe wawili, pengine." Akaendelea kuchambua mchele.

Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwa shangazi, jambo ambalo kwa kawaida lilitokea siku za maziko na Idi, akamwambia kwamba Jumamosi angeivuka feri kwenda kwa sonara, na yeyote anayetaka kumwona amwone. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kumuuzia mtu wa simu, kisha sonara," alisema. "Mimi je? Mimi wa nini hapa, wa kuzika tu?"

"Una pesa wewe?"

"Sina. Lakini nina mdomo, wausema kila siku."

Na mdomo huo, ambao mama alikuwa ameukwepa miezi yote ile, ulifanya kazi yake. Kabla ya wiki kwisha wanawake walianza kuja, mmojammoja na wawiliwawili, wengine wa mtaa, wengine wa ukoo kutoka Kisauni. Hawakuja kwa huruma, na sitaki kuwapamba. Walikuja kwa kuwa waliijua dhahabu ile na walikuwa wameitamani kwa miaka. Waliiuma, waliipeleka kwa sonara ipimwe wakarudi nayo mama akiwa nao, walitafuta kasoro katika kila kiungo. Walishindana bei mpaka mama akatoka jasho. Mmoja alikataa vipuli mara mbili akarudi mara ya tatu akijidai kwamba alisahau leso. Lakini kila aliyechukua kitu alilipa taslimu, mbele ya wengine, na mama akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, nao wakaisoma Fatiha chumba kikiwa na watu. Mkufu aliuchukua shangazi kwa malipo ya kidogo kidogo, akiapa kwamba hautatoka katika damu ya mamake, na ndiye aliyechelewa kuliko wote kumaliza kulipa.

Jumla yake ilipungua kidogo kuliko bei niliyomtajia yule mgeni. Nilijazia kwa mshahara niliouomba mapema. Kabla ya mwezi kuandama, warithi walitia sahihi, na mtu wa ijara hakuja tena.

Kisha ikaja harusi ya kwanza baada ya Idi, karibu na kwetu. Mama alikaa mkekani na mikono mitupu katika umati uliokuwa umevaa vitu vyake. Kekee zilipita mbele yetu zikiwa na mtu mwingine, na mkufu ulikuwa shingoni mwa shangazi, ambaye aliuvaa, sina budi kusema, kwa kishindo ambacho mama hakuwahi kuwa nacho. Nilimtazama mama kuona kama ataumia. Nadhani aliumia. Alizishusha leso mpaka vifundoni mwa mikono, kisha akazipandisha tena, akaziacha.

Mwanamke mmoja tusiyemzoea, mke wa mtu wa bandarini, alisogea karibu yake. Alikuwa amemwangalia kwa muda.

"Bibiye, nasikia uliuza," alisema.

"Niliuza."

"Ukanunua kiwanja."

"Nilinunua."

Mwanamke yule akaangalia huku na huku, akashusha sauti, akaanza kueleza kwamba nyumba yao pia iko juu ya ardhi ya watu, na kwamba ana vitu vyake vichache, na kwamba kuna mtu amemwahidi bei nzuri lakini hataki mumewe wala jirani ajue. Nusu ya maneno yake ilimezwa na ngoma.

"Sema kwa nguvu, bibiye," mama alimwambia. "Sikusikii."

Mwanamke akasita. Kisha akarudia maneno yake yote kwa sauti, na wanawake wa mkeka ule wakageuka kumsikiliza.